Nyumba ya Milango Miwili

Fundi aliniuliza swali dogo tu. Alikuwa amesimama jikoni kwa marehemu mama yangu, mwiko mkononi, akaniambia, "Dada, mzee anasema huu mlango wa nyuma tuuzibe kwa tofali. Tuuzibe?" Mvua ya Tukuyu, ambayo haijui kuchoka, ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mianzi ya ukuta wa jiko ilikuwa imelowa na kutoa ile harufu ya masizi na maji ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Nilikaa kwenye kigoda cha mama nikalia, mpaka fundi wa watu akaona aibu akatoka nje kwenda kunyeshewa.

Baba alikuwa sebuleni akiota moto, mzee sasa, blanketi magotini. Sababu yake ni kwamba mlango ule unaingiza upepo. Upepo umekuwa ukiingia hapo tangu kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kuulalamikia. Mama tulikuwa tumemzika majuzi tu, na hata matanga hayajapoa Baba ameanza habari za upepo. Mimi najua kinachomsumbua ni kitu kingine.

Nyumba yetu iko Lufingo, kwenye mteremko, na ina milango miwili. Wa mbele unatazama uwanja na njia. Wa nyuma unatazama jiko na migomba. Babu, baba yake Baba, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya migomba hiyo, na kila alasiri alikuja kwetu kuota moto na kuzungumza. Akifika kwenye mparachichi alikuwa anakohoa. Mama akisikia kikohozi kile aliacha chochote alichokuwa anafanya, hata kama ni mwiko ndani ya sufuria, akajifunika kanga kichwani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Babu naye ndipo anaingia kwa mlango wa mbele. Wakikutana njiani, Mama aliingia kwenye shamba la chai la watu au kwenye migomba, akampa mgongo mpaka apite. Hakuwahi kuongea naye, hakuwahi kulitaja jina lake, hakuwahi kumtazama usoni.

Watoto wangu nikiwasimulia hudhani natunga. Ilikuwa ndiyo mila yetu, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani, na Kinyakyusa huita jambo hilo kutila: kuogopa na kuheshimu kwa pamoja, ukiuliza kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi utaambiwa usilete ujuaji. Lakini mimi hakuna aliyenieleza. Jambo ambalo kila mtu analijua, watoto hawaelezwi. Basi nikajieleza mwenyewe: Mama anamchukia Babu.

Kilichonichanganya ni chakula. Mama alimpikia Babu kuliko alivyotupikia sisi. Ndizi zilizolainika vizuri, za katikati ya sufuria, zilikuwa zake. Maziwa ya mgando yenye utando yalikuwa yake. Alifuta ukingo wa bakuli, akaufuta tena, akanipa. "Mpelekee. Umwangalie anavyokula, halafu uje uniambie."

Nilirudi nikamwambia kala.

"Kamaliza?"

"Kamaliza, Mama."

Hapo uso wake uling'aa, akaendelea na kazi zake akiimba. Sasa mtu unayemkimbia unampikia ya nini?

Jibu nililipata shuleni, darasa la nne, na ninatamani nisingelipata. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa Tanga, ambaye baridi yetu ilimwonea sana. Alifundisha amevaa sweta juu ya sweta, na chaki ilimtetemeka. Siku hiyo alituandikia ubaoni neno *unafiki*. Akasema neno hili lilisafiri kutoka mbali, kutoka Kiarabu, na wajuzi wengine wa lugha wanasema asili yake ni shimo. Huko jangwani kuna mnyama mdogo, jamaa ya panya, anayechimba nyumba yenye milango miwili. Mmoja unaonekana na kila mtu. Wa pili ameufunika kwa udongo mwembamba kwa ndani, na adui akiingia kwa ule wa kwanza, yeye anausukuma ule wa pili kwa kichwa na kutoweka.

"Fuko!" darasa zima lilipiga kelele. Sisi tulimjua fuko vizuri. Alikuwa anatumalizia viazi shambani, na kila nyumba ilikuwa na mtego wake wa fimbo iliyopindwa na kamba.

"Si fuko, lakini wanaweza kuwa wanasalimiana," alisema Mwalimu. Tulicheka. "Basi mnafiki ni huyo. Anaingilia huku, anatokea kule. Ukimtafuta kwenye mlango huu, yuko kwenye mlango ule."

Nilicheka na wenzangu, kisha kicheko kikanikauka. Alasiri ile Babu alikohoa kwenye mparachichi, Mama akatoka nyuma, nami nikabaki katikati ya nyumba, nikautazama mlango mmoja, nikautazama na wa pili. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili. Anayetumia wa nyuma alikuwa mmoja tu. Niliumia, tena niliumia kweli. Nilimpenda mama yangu, na sasa nilikuwa nimelijua jina la kitu alichokuwa.

Baba kwa upande wake aliingia na kutoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha chai, na akirudi nguo zake zilinukia majani makavu, harufu tamu ambayo nilikuwa naivuta mpaka ananisukuma kwa kucheka. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Kwangu hapakuwa na mtu mnyoofu kama yeye.

Mwaka huo tulikuwa tumeletewa mchungaji mpya, kijana mkali, aliyekuja kupambana na mila. Jumapili moja akauliza kutoka madhabahuni, "Ni nyumba gani humu ambayo mke bado anamkimbia baba mkwe wake, kama vile baba mkwe ni simba?" Watu waliinamisha vichwa. Baba akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu. "Mchungaji," alisema, "nyumbani kwangu hayo yalikwisha. Mke wangu na baba yangu wanakula meza moja." Kanisa lote likasema amina. Nilimgeukia Mama. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Nilijua hakuna meza hiyo. Meza tuliyokuwa nayo ilibeba redio na madaftari yangu, na sisi wote tulikula kwenye mkeka. Lakini haikunijia kwamba Baba amesema uongo. Nilidhani anaongea habari za mambo yatakayokuja, kama wahubiri wanavyoongea habari za mbinguni, wakisema tayari tumefika. Nikafurahi sana. Nilirudi nyumbani mbio, nikaondoa madaftari yangu mezani, nikaishusha redio, nikaifuta meza kwa kitambaa na maji. Kisha nikakaa kusubiri chakula hicho cha meza moja.

Babu akakohoa. Mama akatoka nyuma.

Nilimfuata kwenye migomba. Alikuwa anakata majani ya kufunikia chungu, na mvua ilikuwa inamtiririka usoni. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Mama, kwa nini unamchukia Babu?"

Alicheka kwanza. Halafu akaniona sicheki, akaacha kukata. "Nani amekuambia namchukia?"

"Unamkimbia."

"Gwe Atu," alisema, maana jina langu ni Atupele, "ningemchukia ningemwangalia."

Sikuelewa hata chembe. Niliona ni maneno ya kunipumbaza, na nikarudi ndani nimenuna.

Ugonjwa wa Babu haukuonekana na mtu, kwa sababu Babu siku zote alikuwa anakohoa. Sote tulizoea. Mama peke yake ndiye aliyesimama siku moja na sinia la mchele mkononi, akasikiliza, akasema, "Hicho si kikohozi cha njia." Ndipo nikajua, tena kwa kuchelewa, kwamba kikohozi cha mparachichi hakikuwa cha kifua. Babu alikuwa anakohoa makusudi, kumpa mkwe wake nafasi ya kuondoka kwa heshima bila kukimbia. Mama alikuwa anakijua kikohozi chake kama unavyojua kilio cha mtoto wako. Hiki kipya kilitoka chini zaidi.

Babu alihamishiwa kwetu, chumba cha nyuma. Kuanzia siku hiyo Mama hakuweza tena kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipika jikoni, alikula jikoni, alilala jikoni. Shangazi alikuja kutoka Matwebe kumuuguza, lakini alikuwa na watoto wake wa kuwaangalia, akawa anakuja na kuondoka. Kazi ya kumlisha Babu ikawa yangu. Mama alikaa nje, chini ya upenu, mgongo wake umeegemea ukuta uleule ambao kitanda cha Babu kilikuwa kimeegemezwa kwa ndani, akawa ananielekeza kwa sauti ndogo kupitia kidirisha.

"Mwinue kichwa kwanza."

Nilimwinua.

"Kijiko kisijae. Na upoze."

Nilipoza. Babu alimeza akiwa amefumba macho, na alipomaliza alisema "Ndaga fijo," asante sana, kwa sauti kubwa kuliko nguvu zake. Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa, sioni haja ya sauti kubwa vile. Nilidhani ugonjwa umeanza kumziba masikio.

Jioni moja Babu alimshika Baba mkono. Nilikuwepo, nakunja blanketi. "Mwache mkeo aingie," alisema. "Nimeishi naye kwa ukuta. Nataka nimshukuru akiwa mbele yangu."

Baba alitazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Tata, kaka zangu watasema nimekuvua heshima ukiwa kitandani. Wazee wa ukoo watanila nyama."

"Ninayelala hapa ni mimi, si wao."

"Tata, pumzika."

Baba akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwona. Mama alikuwa amesimama hapo, na alikuwa amesikia yote. "Baba Atu," alisema, "mzee ameomba mwenyewe. Niruhusu."

"Haiwezekani."

"Kanisani ulisema nini?"

"Kanisani ni kanisani," Baba alijibu, akapita.

Nilibaki na blanketi mikononi. Sitasema kwamba nilielewa yote saa ile, nilikuwa mtoto. Lakini nilikumbuka meza niliyoifuta, ambayo kwa siku zote hizo nilikuwa sijarudisha redio juu yake, na kitu fulani kikanidondoka moyoni. Niliirudisha redio, nikayarudisha na madaftari.

Babu alifariki mchana, Baba akiwa zamu ya kiwandani na Shangazi akiwa kwake. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, ilinibidi niiname kumsikia. "Mama yako yuko hapo?" aliuliza.

"Yuko nyuma ya ukuta."

"Mwambie aje."

Nilipiga kelele kidirishani: "Mama, Babu anasema uje!" Nikasikia miguu yake kwenye tope. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua chache tu kutoka pale alipokaa, angeweza kuingia mara moja. Lakini ule ulikuwa mlango wa kumkimbia Babu, na nadhani hakuweza kumwendea kwa mlango huohuo. Alizunguka nyumba nzima kwenye mvua ile, ili aje kwa mbele, kama mtu aliyeitwa. Nilimsikia akifika barazani. Nilimsikia akikung'uta miguu. Alipoingia amejifunika kanga, Babu alikuwa ameshakata roho, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, nami sikujua. Nilidhani amelala ili amsubiri.

Mama alijua kabla ya kuangalia. Alikaa kitandani, akaifunua kanga yake. Akamtazama Babu usoni. Kisha akanitazama mimi. Akamtazama tena Babu, akanitazama tena mimi, muda mrefu, mpaka nikaogopa. Halafu akamfumba macho, akaanza kulia, na kilio chake kiliwatoa majirani majumbani.

Msibani mchungaji na wazee wa ukoo walikaa benchi zinazotazamana. Nadhani haikuwa imewahi kutokea Baba awe nao wote mbele yake kwa wakati mmoja. Mchungaji alisimama kumsifu marehemu, akasema familia hii ni ya mfano, kwa kuwa hapa baba mkwe na mkamwana walikula meza moja. Minong'ono ikaanza upande wa pili. Mkubwa wa ukoo, kaka yake Baba, akaweka fimbo chini. "Mdogo wangu," alisema, "ndivyo ilivyokuwa?"

Baba akasimama. Fuko hashikwi kwa mtego mmoja. Ukitaka kumpata unaziba tundu la kwanza kwa jiwe, unatega la pili. Niliona midomo ya baba yangu ikifunguka na kufumba. Lile koti la kijivu lilionekana kubwa kuliko yeye. Nilimpenda mno wakati ule, na nilitamani ardhi impe tundu la tatu.

Aliyesimama ni Mama. Alitoka katikati ya wanawake, kanga kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mkwe wangu nilimtila mpaka siku yake ya mwisho. Hatukula meza moja. Chakula chake nilikipika mimi, na alipokufa macho yake niliyafumba mimi. Kama kuna kosa, ni langu." Akaketi. Hakumtazama Baba. Baba akakaa chini akilia kwa sauti, na watu wakamwacha alie kwa kuwa amefiwa na baba yake.

Toka siku hiyo hakusimama tena kanisani kutoa neno. Hakuna aliyemfukuza uzee wa kanisa. Aliuacha mwenyewe kidogo kidogo. Nyumbani alipungua maneno. Nimetumia miaka mingi kumkasirikia, na baadaye miaka mingine kumhurumia. Mwalimu wa Tanga alitueleza asili ya neno vizuri sana, ila hakutueleza kwa nini mnyama yule anachimba mlango wa pili. Anachimba kwa sababu anaogopa. Baba yangu aliwaogopa watu, wa huku na wa kule, na woga wake ulimnyima baba yake kitu kimoja alichokiomba.

Watu walipoondoka msibani, Mama aliniita jikoni tumenye ndizi. Nikamwomba msamaha kwa kudhani anamchukia Babu, akasema hilo lilishapita. Halafu akauelekeza mlango wa nyuma kwa kisu. "Nilipokuja kuolewa hapa nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Babu yako akasema, mkwe wangu atapita wapi nikija? Akatoboa ukuta mwenyewe, akauchonga huo mlango kwa mkono wake. Kabla hata hajanijua." Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, lakini alinishika mashavu hivyo hivyo, akaninyanyua uso. "Kila mtu alikuwa ananiambia unafanana naye, mimi naitikia tu. Kumbe miaka yote nilikuwa namwona."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayalilia kwenye kigoda, fundi akinyeshewa nje. Nilipojifuta nilikwenda sebuleni.

"Baba, mlango hatuuzibi."

Hakubishana. Alikuwa anautazama moto. "Kila nikiuangalia mlango ule," alisema, "namwona mama yako amesimama pale, ananiomba ruhusa." Kisha akaongeza: "Nilisema wanakula meza moja."

"Nakumbuka."

"Haikuwepo meza hiyo, Atu."

"Ilikuwepo, Baba. Niliondoa madaftari yangu, nikaifuta. Nikakaa nikawasubiri."

Alijifunika uso kwa blanketi, mabega yakitikisika. Nilimwacha. Nilikwenda kumwambia fundi aende nyumbani, nikapika ndizi, nikaiburuta ile meza kuukuu mpaka katikati ya sebule, nikaondoa vilivyokuwa juu yake. Tulikula pale, mimi na yeye, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Upepo uliingia kweli.